Kuhama na Mtoto Kabla Eda Haijaisha

Yaulizwa: je, mke aliyepewa talaka ya kwanza aweza kuhama na mtoto kabla eda haijaisha? Kurani Tukufu 65:2 (kwa kuihesabu Bismillahi) yamkataza mume kumtoa, na mke kutoka, ila kwa uchafu ulio dhahiri. Tena nyumba hizo zaitwa za wanawake, ingawa mume ndiye alipaye kodi! Kwani huenda Mwenyezi Mungu akaleta jambo jipya, nyoyo zikarejeana.

Lakini aya ya 7 yamkataza mume kuwadhuru wake hao na kuwatia dhiki. Basi apigaye ndiye aliyetangulia kuvunja amri, na mke akikimbia kuokoa nafsi yake hatumlaumu. Ama mtoto, 2:234 yakataza mzazi yeyote kuteswa kwa ajili yake. Kwa hiyo mama huyo asimfiche baba habari za mwanawe. Kama aogopa kuonana naye, azipeleke kwa wazee.