Danieli Hakujitupa Tunduni

Masomo: Danieli 6; Mathayo 4:5-7



Sisi tunaokaa Mpanda na vijiji vyake hatuhitaji kuelezwa simba ni nini. Hifadhi ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998, ina kilomita za mraba zipatazo 4,471, nayo haina ukuta. Mnyama hajui ramani. Akifuata nyati, au ng'ombe wetu, huvuka mpaka bila kubisha hodi.

Tulipokuwa tungali kazini ualimu, jioni moja tulichelewa katika sala ya nyumbani kwa mkristo mmoja. Mwenyeji wetu alitusihi tulale kwake, maana nyayo za simba zilikuwa zimeonekana mtoni asubuhi ile. Tukamjibu, kwa kiburi cha dini, kwamba Mungu wa Danieli yu pamoja nasi. Tukaondoka, tena bila taa. Mzee yule hakuweza kutuacha. Akamwamsha kijana wake, wakachukua mikuki na vijinga vya moto, wakatusindikiza hata mlangoni petu. Tulifika salama. Lakini tulipokwisha kulala ndipo tulipofikiri: hao wawili sasa wanarudi gizani kwa sababu ya maneno yetu. Hatukupata usingizi mpaka alfajiri, tulipoletewa habari kwamba wamefika.

Tangu siku ile tunaisoma habari ya Danieli kwa macho mengine. Danieli hakujitupa tunduni. Alitupwa na watu kwa sababu alisali. Aliyeshauri mtu ajitupe ni Shetani, pale juu ya hekalu, naye Bwana wetu akakataa kumjaribu Mungu. Basi, anayeteswa kwa ajili ya imani na atafute nguvu kwa Danieli. Anayetembea usiku porini kwa ukaidi asijifananishe naye.

Lakini liko kosa la upande wa pili. Katika Mithali 22:13 yumo mvivu anayemtaja simba ili asitoke kwenda kazini. Sisi hatuwezi kuacha kulima wala kuchunga. Daudi alichunga kondoo mahali penye simba, lakini alichunga akiwa macho.

Kuwa macho ni nini? Watafiti waliotoa hesabu mwaka 2005 walikuta kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 560 katika Tanzania, wengi wao pande za kusini, Lindi na Mtwara. Wengi walipatwa wakati wa mavuno, wengine wakiwa wamelala katika vibanda vya shambani ili kufukuza nguruwe mwitu. Baadaye ikaonekana pia kwamba jioni za hatari ni zile zinazofuata mwezi mpevu, giza linapotangulia kabla mwezi haujachomoza.

Kwa hiyo tusitembee peke yetu usiku. Tufyeke majani karibu na nyumba na njia ya chooni. Anayelinda shamba asilale chini mahali pa wazi, wala asiwe peke yake. Zizi liwe imara, la miti au miiba minene. Tukikuta mzoga porini, tuuache na kuondoka. Tukikutana na simba uso kwa uso, tusikimbie, maana akimbiaye hufukuzwa. Tusimame, tumtazame, tuwashike watoto, tuinue mikono na kupaza sauti, kisha turudi nyuma polepole bila kumpa mgongo. Simba aliyejeruhiwa tusimfuate. Tuwaarifu askari wa wanyamapori.

Tena, simba akimwua mtu, tusianze kumtafuta mchawi. Huko Njombe, miaka ya 1930 na 1940, simba waliua watu wengi mno, na wenyeji wakasadiki kwamba wametumwa na mganga. Hofu ikawafunga midomo, wasitoe habari kwa bwana nyama. Mauaji yalikoma baada ya George Rushby na wasaidizi wake kuwawinda simba wale hata mwaka 1947. Uvumi haukumwokoa mtu. Uliwapa simba nafasi.

Na kwenu vijana: katika mkoa wetu wamekuwako watu waliomwua simba asiye na kosa ili wacheze ngoma na kupokea zawadi nyumba kwa nyumba. Daudi alimpiga simba ili kumwokoa mwana-kondoo kinywani mwake. Hakupita vijijini akiomba ng'ombe. Kulinda uhai ni haki, na sheria inairuhusu. Kuua kwa ajili ya sifa ni kukiharibu kiumbe cha Mungu.

Tunaomba basi mambo mawili katika mitaa yetu. Sala za nyumbani zianze mapema na kwisha jua lingaliko. Na mgeni akichelewa, apewe mkeka alale, naye akubali bila kubishana. Kumlaza mgeni si upungufu wa imani. Yule mzee aliyetusindikiza hakuhubiri neno lolote usiku ule, lakini yeye ndiye aliyekuwa mchungaji, na sisi tuliokuwa na Biblia mkononi tulikuwa kondoo wapumbavu.

Bwana atulinde, naye atupe akili ya kulindwa. Amina.