Muchezo wa vita: adui ni nani?

Mara nyingi wazazi wanatuuliza sisi walimu: ni vizuri kumuacha mutoto acheze vita? Wengine wanajibu mbio: hapana, inchi yetu imekwisha kuona vita ya kutosha. Uchungu wao tunausikia. Lakini mbele ya kukataza, tunapashwa kuuliza jambo moja: mutoto akipanga askari wake, adui anamupa jina gani?

Tuchukue mufano wa mbali. Mwaka 1826, katika Haworth, Uingereza, muchungaji Patrick Brontë alimuletea mutoto wake Branwell askari 12 wa mbao. Charlotte, dada yake, akachukua mumoja, akamwita Wellington; Branwell akamwita wake Bonaparte. Kutoka pale, wao na wadogo wao Emily na Anne wakabuni inchi nzima: muji mukubwa, wafalme, hata vitabu vidogo vya herufi ndogo kabisa. Tunajua muchezo ule ulizaa nini: mu 1847 Charlotte akatoa Jane Eyre, Emily akatoa Wuthering Heights. Nani atasema walipoteza wakati?

Lakini ile inchi yao waliiweka wapi? Ku pwani ya Afrika ya Mangaribi. Na adui wa wale askari wa mbao walikuwa Waashanti, watu wa kweli, ambao wajukuu wao wako Ghana mupaka leo. Miaka ile Waingereza walikuwa wanapigana nao kweli. Watoto wa Haworth hawakumuona Muashanti hata mumoja, lakini walikwisha kumupa nafasi yake: ya kushindwa. Hatusemi kwamba muchezo wao ndio ulileta mukutano wa Berlin wa 1884-1885. Tunasema tu kwamba macho ni yale yale: inchi ya wengine inatazamwa kama haina wenyewe.

Kuna namna ingine. Mwaka 1967, Waingereza wawili, Peter Young na James Lawford, walitoa kitabu cha kanuni za muchezo wa askari wadogo, Charge!. Young alipigana kweli katika vita ya pili ya dunia. Lakini mule mu kitabu, inchi zinazopigana haziko ku ramani yoyote. Zote mbili ni za kubuni. Mwenye kushindwa pale hana kaburi, wala mujukuu wa kusikia haya.

Wazee wetu walijua hekima hiyo. Jioni, kando ya moto, walituonyesha tamaa, udanganyifu na ukali kwa njia ya Kalulu, Fisi na Simba. Hakuna jirani aliyeitwa Fisi. Kosa lilionekana, jirani akabaki jirani.

Mutu atasema: jina ni nini? Watoto watasahau. Sisi hatukusahau. Katika Katanga tulikuwa tunacheza vita na askari wa udongo. Mumoja anasema: « Leo weye njo adui », kesho zamu inageuka. Halafu ikafika 1992 na 1993, wakati watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Hata mu muchezo wetu, adui akapata jina la kabila, na zamu haikugeuka tena. Siku moja mwenzetu akaenda na wazazi wake ku gare. Askari wake wa udongo wakabaki kwetu. Hatukujua tuwafanyie nini.

Kwa hiyo, wazazi wapendwa, tusimunyanganye mutoto udongo wake. Abuni inchi, abuni bendera, abuni na adui. Lakini tuketi karibu, tumuulize adui anaitwa nani. Akitaja jina la kubuni, tumuombe kesho awe mufalme wa upande ule mwingine. Akitaja jina la watu tunaokutana nao ku soko, pale muchezo umekwisha. Na tujiulize sisi wenyewe: jina lile alilisikia wapi, kama si katika nyumba yetu?