Mwalimu wa Timu na Mtini Usiozaa



Somo letu: Luka 13:6-9.

Hapa mjini Bariadi, na huko Maswa, Lamadi na Mwanhuzi vilevile, liko jambo moja ambalo halihitaji kengele wala tangazo ili watu wakusanyike. Timu ikifungwa Jumamosi, Jumapili asubuhi wako wanaoingia kanisani na hukumu yao tayari mfukoni: mwalimu afukuzwe. Hatusemi mwalimu wa shule, ingawa naye zamu yake hufika matokeo ya mtihani yanapobandikwa ukutani. Twasema mwalimu wa mpira, ambaye vijana humwita kocha. Sisi tuliopita chuo cha ualimu na kushika chaki hadi kustaafu twaona jina hilo la mwalimu limemfaa sana, maana kazi ni ile ile. Unawafundisha wengine, kisha unakaa pembeni ukiwatazama wakitenda, na makosa yao huandikwa kwa jina lako.

Basi kinachowaudhi watu zaidi ya kufungwa ni kuona mwalimu yule yule amekaa benchi wiki inayofuata. Huuliza: viongozi hawana macho? Yafaa tulitazame swali hilo mbele ya Neno la Mungu, maana halikomei uwanjani.

Tukumbuke habari za Timu yetu ya Taifa. Mwezi wa Agosti 2018 ilipewa mwalimu kutoka Nigeria, Emmanuel Amunike. Hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Mwaka 1994 alifunga mabao yote mawili ya Nigeria katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya Zambia, na mwaka 2015 aliwaongoza vijana wa nchi yake kutwaa Kombe la Dunia la walio chini ya miaka 17. Kwetu alianza kwa sare na Uganda kule Kampala. Oktoba wakafungwa 3-0 na Cape Verde ugenini, wakalipiza 2-0 nyumbani. Kisha tarehe 18 Novemba 2018, mjini Maseru, timu ikafungwa 1-0 na Lesotho.

Lo! Nani asiyekumbuka maneno ya wiki ile? Kufungwa na Lesotho! Vijiweni, redioni, ndani ya mabasi ya kwenda Mwanza, kila mtu alikuwa na kikosi chake ambacho kingeshinda. Wengi walitaka aondoke kabla ya mchezo wa mwisho. Hakuondolewa. Miezi minne ikapita, mirefu kwa wenye hasira. Tarehe 24 Machi 2019 Tanzania ikaifunga Uganda 3-0 jijini Dar es Salaam, kwa mabao ya Simon Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris, na siku hiyo hiyo Lesotho wakatoka sare na Cape Verde. Taifa zima likaruka. Tangu Lagos mwaka 1980 hatukuwa tumefika huko. Ni miaka 39. Tuliosikiliza mashindano yale ya Lagos kwenye redio ya mkulima tulikuwa na mvi tulipopata kusikia tena jina la nchi yetu. Wachezaji wakapokewa Ikulu. Na mwalimu, aliyekuwa hafai mwezi wa Novemba, akawa mwana wa nyumbani.

Lakini habari haikuishia hapo, wala hatutaki kuikatia mahali patamu. Kule Misri, Juni na Julai 2019, timu ilifungwa michezo yote mitatu: na Senegal 2-0, na Kenya 3-2, na Algeria 3-0. Ni kweli kwamba Senegal na Algeria ndio waliokutana katika fainali, kwa hiyo hatukufungwa na watoto. Hata hivyo mwezi huo huo wa Julai mkataba wa mwalimu ulivunjwa kwa makubaliano, akaenda zake. Basi waliosema aachwe walikuwa sahihi, au waliosema aondoke ndio walikuwa sahihi? Kila upande una kipande chake cha ushahidi.

Kwenye vilabu vyetu vikubwa hata miezi minne haipatikani. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga waliifunga Simba 5-1, na siku mbili baadaye mwalimu wa Simba, Mbrazili Robertinho, hakuwa na kazi. Watu wa Yanga wakacheka sana. Haya, mwaka mmoja tu baadaye, Novemba 2024, Miguel Gamondi, yule yule aliyeshinda tano na kuwapa ubingwa, naye akaondolewa baada ya kufungwa na Azam na kisha na Tabora United. Vicheko vikahamia upande wa pili wa mtaa.

Sasa tuufungue mfano wa Bwana wetu. Mtu mmoja alikuwa na mtini katika shamba lake la mizabibu. Miaka mitatu alikuja kutafuta tunda asilipate. Akamwambia mtunza shamba aukate, kwa kuwa unakula ardhi bure. Mtunza shamba akamsihi aupe mwaka mmoja tena, ili aupalilie na kuutilia samadi. Ukizaa ni vema, usipozaa ndipo ukatwe.

Wahubiri wengi wakifika hapa humgeuza mwenye shamba kuwa mtu mkatili. Sisi hatuoni hivyo. Malalamiko yake ni ya haki kabisa. Miaka mitatu si michache, na ardhi ni ardhi. Mkulima yeyote wa Simiyu anayejua bei ya kukodi ekari moja ya kulima pamba atamwelewa. Wala mtunza shamba hambishii. Hasemi mti ni mzuri, hasemi jua limekuwa kali, hasemi wapo watu waliouroga. (Hili la kurogwa tunalitaja makusudi, maana mpira wetu una hiyo iitwayo kamati ya ufundi, na kila mtu anajua ni ufundi gani.) Anakubali kwamba mti hauzai. Anachoomba ni muda, na pamoja na muda anatoa mikono yake mwenyewe.

Hapo ndipo twataka kukaa kidogo. Sisi watu wa Usukumani tunaijua samadi. Tunajua kuitoa zizini wakati wa kiangazi, ilivyo nzito, inavyonuka na kushika kwenye nguo. Tunajua mkokoteni unavyokwenda mara sita shambani na bado shamba likaonekana kama halijaguswa. Anayesema mti upewe mwaka, halafu akaenda kulala, hana tofauti na anayepiga kelele ukatwe. Wote wawili hawajashika koleo. Mtunza shamba alipata haki ya kuutetea mti kwa sababu alikuwa tayari kunuka samadi kwa ajili yake.

Na hao wanaopiga kelele, ni akina nani? Tuseme kweli, baadhi wanaipenda timu kwa moyo wote, nao wanaumia. Tusiwadharau. Mtu aliyetembea kwa baiskeli kutoka Nkololo hadi mjini kutazama mchezo kwenye kibanda cha video, akarudi gizani, ana haki ya kununa. Lakini hasira nyingine si ya mpira, ni ya mkeka uliochanika. Kijana ameweka fedha ya mbolea, au fedha ambayo mama yake alimpa apeleke kusaga, kwenye kubeti, timu ikapoteza, basi mwalimu ni mwizi. Wazazi, jambo hili liko ndani ya nyumba zetu za Kikristo, na limekwisha kuleta ngumi kati ya mume na mke. Hatuwezi kuliandika kwa upole kuliko hivi.

Tena tunayo desturi yetu ya mbina. Wakati wa mavuno Bagika na Bagalu husimama uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Mtazamaji akichoka na huku anahamia kule; hapigi kura, anapiga miguu. Kwa ngoma desturi hiyo inafaa na ina raha yake. Hatari ni pale tunapoichukua na kuiingiza kanisani, tukahama mtaa kwa sababu mhubiri wa upande wa pili ana sauti nzuri na kinanda kipya.

Ndipo tunafika kwenye shabaha yetu. Katika mojawapo ya makanisa yetu madogo, hatutataja lipi, liko neno linalozunguka tangu mvua zilipokatika: mwinjilisti aondolewe. Wanaosema wana sababu. Mahudhurio yamepungua, kwaya ya vijana imekufa, paa lililoanzwa bado liko wazi upande mmoja. Ni kweli yote. Hatutasema mti unazaa wakati hauzai.

Lakini tuulize kama walimu wanavyouliza daftari la mtoto. Mahudhurio yalipungua lini? Si ni msimu ule ambao familia kadhaa zilihama na ng'ombe wao kutafuta malisho? Kwaya ilikufa, vijana wake wakaenda wapi? Wengi wako Mwanza na Kahama, wakitafuta riziki. Na paa, ahadi zilizoandikwa siku ya harambee zililetwa ngapi? Huyu mtu hana mshahara wa kueleweka. Anakula kwa jembe lake, na siku ya kuzika anaitwa yeye, iwe mvua au jua. Kama yako makosa yake mwenyewe, na tunaamini yapo kwa kuwa ni mwanadamu, yatajwe mbele yake, kwa jina lake la kosa, si kwa nyuma kisimani.

Maandiko hayatufundishi kuvumilia kila kitu milele. Samweli alipozeeka aliwaweka wanawe kuwa waamuzi, nao wakala rushwa na kupotosha hukumu. Watu walipokwenda kwake kulalamika hawakukosea hata kidogo kuhusu wale vijana. Kosa lao lilikuwa kwenye dawa waliyoitaka: walidai mfalme ili wawe kama mataifa mengine. Malalamiko ya haki yakazaa ombi baya. Lakini mtazameni Samweli mwenyewe katika sura ya kumi na mbili. Anasimama mbele ya watu wote, mzee mwenye mvi, na kuwataka waseme hadharani kama aliwahi kuchukua ng'ombe au punda wa mtu. Kiongozi anayekubali kusimama hivyo anawapa watu nafasi ya kumhukumu kwa haki. Kiongozi anayejificha nyuma ya askofu, au nyuma ya mwenyekiti wa klabu, anawafundisha watu kupiga kelele.

Na kung'oa kuna majira yake. Sisi wakulima wa pamba tunajua kwamba baada ya mavuno masalia hung'olewa na kuchomwa moto, hata kama mmea bado una majani mabichi, kwa sababu wadudu wakiachiwa makao watakula na shamba la jirani. Anayeng'oa mwezi wa Februari, pamba ikiwa kwenye maua, kwa kuwa ameona mdudu mmoja, huyo ni mwendawazimu. Na asiyeng'oa kabisa ni adui wa kijiji kizima. Mtunza shamba wa mfano hakuomba muda usio na mwisho; aliomba mwaka mmoja, akasema na kitakachofuata.

Paulo, kwa upande wake, alimkataa Yohana Marko asimchukue tena safarini, kwa kuwa aliwaacha njiani kule Pamfilia. Barnaba akamchukua kijana, wakaachana na Paulo kwa ugomvi mkali. Hatuoni mahali Paulo anaposema alikosea siku ile, na huenda hakukosea. Safari ilikuwa ngumu. Lakini miaka baadaye, akiwa kifungoni, anamwandikia Timotheo amlete Marko, maana anamfaa kwa kazi. Kati ya kukataliwa na kutafutwa kulikuwa na Barnaba, mtu aliyekubali kutembea na kijana aliyeshindwa. Vilabu vyetu vina wenyeviti, wafadhili na wasemaji tele. Akina Barnaba hatuwasikii. Je, mtaani kwetu tunaye?

Wazee wa kanisa wa mtaa huo watakutana baada ya mavuno, pamoja na kasisi. Tumeomba, nao wamekubali, kwamba mwinjilisti awepo kikaoni tangu mwanzo hadi mwisho. Daftari la mahudhurio liletwe, na daftari la ahadi za paa liletwe, likasomwe kwa sauti, majina na kiasi. Wenye malalamiko waje wenyewe badala ya kutuma maneno. Ikiamuliwa aondoke, aondoke kwa heshima, na shamba lake livunwe kwanza. Ikiamuliwa apewe mwaka, basi kila mzee aandike siku hiyo hiyo yeye atafanya nini ndani ya mwaka huo, na karatasi ibaki kwa kasisi.

Bati zilizokwisha kununuliwa ziko kwa mweka hazina. Zinazopungua ni kumi na mbili.