Mtumwa Binti Saad, Siti Binti Saad

Mnamo mwaka 1880 hivi, katika kijiji cha Fumba kisiwani Unguja, alizaliwa mtoto wa kike akaitwa Mtumwa. Baba yake, Saad, asili yake ilikuwa Unyamwezi, na mama yake Uzigua. Soko la watumwa mjini lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulikuwa ungali halali. Hadhi yake ya kisheria ilifutwa mwaka 1897, na masuria wakangoja hadi mwaka 1909. Mtoto huyo ndiye baadaye aliyejulikana kwa jina la Siti, neno lenye asili ya Kiarabu na maana ya bibi mwenye heshima.

Hapa pana swali. Je, aliyepewa jina la kumdunisha ana haki ya kulivua, au kulivua ni kuwakana waliomzaa?

Wako watakaosema kwamba jina ni amana ya wazazi, na amana haitupwi. Tena si kila jina duni lilitolewa kwa dharau. Wapo wazazi, hasa waliokwisha kufiwa na watoto, waliomwita mtoto kwa neno la unyonge ili jicho la hasidi limpite. Kwa mzazi wa namna hiyo jina duni lilikuwa kinga, na kulichukia ni kutoijua huruma yake.

Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, Mtume Muhammad mwenyewe alibadilisha majina. Binti aliyeitwa kwa neno lenye maana ya muasi alimwita Jamila, yaani mzuri. Aliyeitwa Barra, yaani mwema, alimwita Zainab, ili mtu asijitakase nafsi yake. Basi jina laweza kuvuliwa kwa sababu mbili: kwamba linamshusha mtu, au kwamba linamkweza kupita kiasi. Kwa kipimo hicho Mtumwa lina kasoro, na Siti nalo halikusalimika, kwani hakuna bibi pasipo mtu wa chini yake.

Lakini tulitazame neno lenyewe. Mtumwa latokana na kutuma. Ni yule atumwaye. Katika shina hilo hilo limechipuka neno Mtume, naye pia ametumwa. Aidha, Abdalla maana yake ni mja wa Mungu, na hakuna anayeona haya kuitwa hivyo. Kumbe aibu haimo katika kutumwa. Imo katika binadamu aliyejipa haki ya kumtuma mwenzake bila ya ridhaa yake.

Na Siti alitumwa na nani? Alikuwa muuza vyungu, akivinadi kwa sauti yake, kabla ya kuhamia mjini mnamo mwaka 1911. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, na Kiswahili chake kikasikika mbali. Katika wimbo wa Kijiti alililia damu ya mwanamke aliyeuawa, ambaye muuaji wake alikimbia mkono wa sheria. Hapo yule aliyeitwa Mtumwa alitumwa kweli, lakini na wanyonge, naye aliupokea ujumbe wao kwa hiari. Heshima ya jina Siti ilitoka katika utumishi huo. Hakumweka mtu chini yake ili aipate.

Njia yake si ya pekee. Fatuma binti Baraka, aliyefariki mwaka 2013, alipachikwa jina la Kidude kwa udogo wa umbo lake alipozaliwa. Hakulivua. Aliliimba jukwaani hadi dunia ikalitamka kwa adabu, Bi Kidude. Mmoja alilivua jina, mwingine akalivika heshima, na hapana wa kumlaumu yeyote kati yao, maana kila mmoja aliamua mwenyewe.

Wahenga walisema, jina jema hung'ara gizani. Hawakusema ni nani alitoe. Ila lipo jambo moja ambalo wanaodai kwamba Siti aliwakana wazazi wake hulisahau. Alipofariki mwaka 1950 alikuwa Siti binti Saad. Jina la daraja alikuwa ameliacha zamani, lakini jina la baba yake hakuliacha hata siku moja. Lile la kwanza lilieleza watu walimfanyia nini. Hili lilieleza ametoka kwa nani. Mwenye akili huyapambanua mawili hayo, na Siti aliyapambanua.