Jeraha Lisiloacha Kovu



Jioni moja katika Mji Mkongwe wa Unguja, baada ya sala ya Magharibi, kijana mmoja aliyekuwa amegombana na kaka yake juu ya nyumba ya urithi alimtazama mjusi kafiri ukutani, aliyekatika mkia. Akaniuliza: "Maalim, huyu Mungu atamrudishia mkia wake. Mbona moyo wangu umebaki na kovu?"

Swali hili lastahili jibu. Mjusi akishikwa na paka huuacha mkia, akakimbia. Jeraha hufunga bila kovu, na mkia mwingine huota, ingawa ndani yake hamna mifupa kama ule wa kwanza, bali gegedu. Tunamwita kafiri, hali yeye hutii maumbile aliyopewa na Muumba wake!

Ajabu kubwa zaidi ilionekana kwa jirani zetu Kenya. Mwaka 2012 mtaalamu Ashley Seifert na wenzake walitangaza habari za panya wa porini wenye manyoya kama miiba. Ngozi yao ni dhaifu, hata wakikamatwa hubanduka. Panya mmoja aweza kupoteza hadi sehemu 60 kwa mia ya ngozi ya mgongo wake. Naye hupona upesi, ngozi mpya ikaota pamoja na manyoya yake. Hata matundu ya milimita 4 yaliyotobolewa masikioni mwao yalizibika.

Je, mwanadamu amenyimwa? La, hasha! Mtoto angali mchanga tumboni mwa mamaye, ngozi yake ikijeruhiwa hupona bila kovu. Baadaye mwili wetu huliziba jeraha kwa nyuzi ngumu, ili uchafu usipate njia. Basi kovu nalo ni rehema.

Nikamwambia: "Mwanangu, kovu si jeraha. Jeraha huuma, kovu hukumbusha tu. Lako bado lauma kwa kuwa kila siku walichokonoa. Tena, mjusi aliacha mkia ili abaki na uhai. Wewe je, umeacha udugu ili ubaki na vyumba viwili?"

Aliinama kimya, kisha akaaga. Sikumwuliza aendako, lakini nilimwona akishika njia ya nyumbani kwa kaka yake.

Ewe msomaji, nawe unaye nani wa kumwendea? Mwenyezi Mungu aponyaye ngozi ya panya hashindwi na moyo wa mja wake anayemwelekea. Atuponye sote. Amin.