Kasoro Zilizo Chini ya Gari Kuukuu: Wajibu wa Muuzaji katika Fikihi na Falsafa

Swali la kama muuzaji analazimika kumweleza mnunuzi kasoro asizoweza kuziona lilijadiliwa kwa mifano ya nafaka, nyumba na wanyama karne nyingi kabla ya gari la kwanza kutengenezwa. Hata hivyo si rahisi kupata mfano unaolibana swali hilo barabara kuliko gari kubwa la kuvuta kwa magurudumu manne, lililotembea miaka ishirini na zaidi katika barabara za Afrika Mashariki, na hasa sehemu yake iitwayo sasipensheni, yaani mkusanyiko wa springi, shokapu, mikono ya chuma na viungo vinavyoyashika magurudumu na kuyaunganisha na bodi. Injini iliyochoka hutoa moshi na rangi iliyofubaa huonekana kwa jicho, lakini sasipensheni huchakaa chini ya gari, polepole kiasi kwamba hata mwenye gari huuzoea mtikisiko wake na kuudhania kuwa ndiyo tabia ya gari lenyewe.

Ni vyema kwanza kueleza kinachochakaa, kwa kuwa hukumu ya wajibu haiwezi kutangulia ujuzi wa kitu chenyewe. Springi hubeba uzito wa gari, na ikichoka gari huinama upande mmoja au hukaa chini kuliko ilivyokusudiwa. Shokapu, ambayo wengi hudhani ndiyo inayobeba uzito, kazi yake ni kuutuliza mruko wa springi kwa kuyasukuma mafuta katika vitundu vyembamba ndani ya silinda. Sili yake ikipasuka mafuta huvuja, gari huendelea kuyumba baada ya kila tuta, na tairi hulika kwa mabonde mabonde. Bushi ni mipira iliyoshikamana na chuma kwenye miisho ya mikono ya sasipensheni, na ikikatika gari huvuta upande mmoja dereva anaposhika breki, na ukingo wa ndani wa tairi huisha haraka. Mlio wa kugonga unaosikika gari linapopita juu ya rasta mara nyingi hutokana na linki za stabilaiza, nazo ni rahisi kubadilishwa. Kisha kuna bol jointi, kiungo cha chuma chenye kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe kilichotiwa grisi na kufunikwa kwa mpira. Mpira huo ukichanika, vumbi na maji huingia na chuma huanza kusaga chuma.

Toyota Land Cruiser Prado ya toleo la 90, iliyotoka kiwandani kuanzia mwaka 1996 hadi 2002, inafaa kuwa mfano mkuu wa jambo hili. Bol jointi ya chini katika gari hilo imepangwa kwa namna ambayo uzito wa gari hukivuta kichwa kitoke katika kikombe chake badala ya kukigandamiza ndani, na kwa hiyo kiungo kilicholika kupita kiasi kinaweza kuachana ghafla, gurudumu la mbele likajikunja chini ya bodi na usukani usifae kitu tena. Ni gari imara sana kwa mambo mengine, na uimara huo huo ndio unaoliweka barabarani hadi leo na kumfanya mnunuzi asilishuku. Aidha Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka minane, hivyo kila Prado ya toleo hilo inayouzwa huko leo imekwisha kaa nchini miaka mingi, na ukaguzi uliofanywa wakati wa kuingizwa hauwezi kusema lolote juu ya hali yake ya sasa.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi zaidi miongoni mwa Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, waliliweka suala la kasoro chini ya mlango wa hiari, yaani haki ya mmoja wa wenye mkataba kuuvunja au kuuendeleza. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake cha Minhaj kimesomeshwa pwani kwa vizazi vingi, anaieleza kasoro inayompa mnunuzi haki ya kurudisha kuwa ni ile inayopunguza kitu chenyewe au thamani yake kwa kiasi cha kumkosesha mnunuzi lengo lililo sahihi, maadamu kwa kawaida vitu vya jinsi hiyo havina kasoro hiyo. Sharti hili la mwisho ndilo linalohitaji kutafakariwa sana katika habari ya gari kuukuu. Bushi zilizopasuka katika gari la mwaka mmoja ni kasoro bila shaka, lakini katika gari la miaka ishirini na mitano bushi zilizochoka ndizo za kawaida, na mwenye kununua gari la umri huo kwa bei ya umri huo amekwisha kununua na uchovu wake. Kwa kipimo hicho muuzaji hadaiwi ujana wa gari, wala mnunuzi hana haki ya kulalamika kwamba kitu kilichotumika kimetumika.

Uchakavu unaoachwa uonekane, hata hivyo, hauko katika hukumu moja na uchakavu unaofichwa. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim limo katazo la kumwacha mnyama bila kukamwa siku kadhaa kabla ya kuuzwa ili kiwele chake kijae na mnunuzi amdhanie kuwa ni mwingi wa maziwa. Aliyemnunua mnyama huyo amepewa haki ya kumbakiza au kumrudisha pamoja na pishi moja ya tende. Kinachostahili kuangaliwa hapa ni kwamba mnyama mwenyewe hana ugonjwa wowote na huenda maziwa yake ni ya kutosha kwa mnyama wa aina yake. Haki ya kurudisha imetokana na sura ya uongo iliyotengenezwa, jambo ambalo wanafikihi huliita tadlisi. Mwenye kufuta mafuta yaliyovuja kwenye shokapu asubuhi ya siku ya kuuza, kupaka bushi zilizopasuka rangi nyeusi ili zing'ae, au kupachika vipande vya mpira katikati ya springi iliyochoka ili gari lisimame kwa kimo chake cha zamani, amefanya kama yule aliyekifunga kiwele. Mwanazuoni Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuona udanganyifu hata katika kitendo cha kuonesha nguo mahali penye giza au kutoa kiatu kilicho kizuri zaidi kati ya viwili, na kwa kipimo chake muuzaji anayemchagulia mnunuzi barabara ya lami laini tupu ya kulijaribia gari, akijua kwamba njia ya changarawe ingesema yote, ameyahifadhi maneno yake na uongo huku akiutenda kwa usukani.

Wauzaji wengi hujikinga kwa kauli kwamba gari linauzwa kama lilivyo, na kauli hii nayo ina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Nawawi anajadili mauzo yaliyowekewa sharti la kumwondolea muuzaji dhamana ya kasoro zote, na rai anayoipa nguvu ni kwamba sharti hilo humwokoa muuzaji katika kasoro moja tu, nayo ni kasoro ya ndani ya mnyama ambayo muuzaji hakuijua. Halimwokoi katika nyingine yoyote. Sababu iliyotolewa na wafafanuzi ni kwamba mnyama hula akiwa mzima na akiwa mgonjwa, hali yake hubadilika daima, na ni nadra kukosa ugonjwa uliojificha, ilhali nguo au chombo hakina maisha ya ndani yanayomzidi mwenye nacho. Mwenye gari kuukuu angetamani lihesabiwe pamoja na wanyama, na kuna ukweli kidogo katika ombi lake, kwa sababu chuma hulika bila kutoa taarifa na fundi bora huweza kushangazwa. Lakini ugonjwa wa ini la ng'ombe hauonekani kwa macho pasipo kumchinja, na bol jointi hupimwa kwa jeki na mtaimbo kwa muda mfupi. Kutojua kunakoweza kuondolewa kwa juhudi ndogo hivyo hakufanani na kutojua kwa mchungaji, na ni vigumu kukubali kwamba mtu anaweza kujipatia usafi wa dhamiri kwa kuepuka tu kuinama akatazama.

Hapa ndipo mpangilio wa soko lenyewe unapozidisha tatizo. Mwenye gari humkabidhi dalali, dalali huweka cha juu chake, mnunuzi huja na fundi wa kulikagua, na si mara zote fundi huyo hukosa ahadi ya kitu kidogo kutoka upande wa pili. Kila mmoja katika mnyororo huu anaweza kusema kweli kwamba hakudanganya: mwenyewe hakuulizwa, dalali hajui mambo ya ufundi, fundi aliambiwa aangalie injini. Ujuzi umegawanywa vipande vidogo hadi hakuna anayebeba kiasi cha kumlazimisha kusema, na pengine huo ndio uovu mkubwa zaidi katika biashara hii, kwa sababu hata mtu mwema anaweza kushiriki ndani yake bila kuhisi uzito wowote. Fundi ana dhambi iliyo wazi zaidi kuliko wenzake, kwa kuwa yeye ameajiriwa kwa ajili ya macho yake, na akiyauza macho hayo kwa upande wa pili amekula amana.

Mwanafalsafa na mwanateolojia wa Kikatoliki Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alilikabili swali hili katika sehemu ya pili ya Summa Theologiae kwa kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kuna kasoro inayomtia mnunuzi hasara kwa kuwa kitu kina thamani ndogo kuliko bei, na kuna kasoro inayomtia hatarini kwa kuwa matumizi ya kitu hudhuru. Kasoro inapokuwa dhahiri, kama farasi kuwa chongo, naye muuzaji akapunguza bei inavyostahili, Aquinas hamlazimishi kuitangaza. Inapokuwa imejificha na ina madhara, kama nyumba iliyo karibu kuanguka inayouzwa kwa jina la nyumba imara, kunyamaza ni haramu. Asiyejua hana dhambi, lakini akija kujua analazimika kumfidia mnunuzi. Tofauti hii inafafanua vizuri zaidi kuliko nyingine yoyote kwa nini kasoro zote za sasipensheni haziwezi kuwekwa katika mizani moja. Mifuko ya hewa ya nyuma inayopatikana katika baadhi ya Prado za toleo la 120, ambayo hupasuka kwa uzee na kuifanya kompresa ifanye kazi hadi iungue, humtia mwenye gari gharama. Wengi huiondoa na kuweka springi za kawaida, na hakuna ubaya katika hilo iwapo linasemwa. Shokapu iliyovuja iko katikati, kwa maana gari lenyewe hutoa onyo kila siku. Bol jointi iliyolika ni nyumba inayotaka kuanguka.

Aquinas hakulifikisha jambo hili mwisho wake, na gari linalazimisha lifikishwe. Hoja nzima ya kuuza kitu kama kilivyo inasimama juu ya ridhaa: mnunuzi amekubali, bei imepunguzwa, kila mtu ameridhika. Ila ridhaa ya mnunuzi humfunga mnunuzi peke yake. Watoto watakaokaa kiti cha nyuma, mwendesha bodaboda atakayekutana na gari hilo kwenye kona, na mama anayeuza mahindi ya kuchoma kando ya barabara hawakuwepo wakati wa kupatana bei, na hakuna punguzo lililoingia mfukoni mwao. Kwa hiyo kasoro inayoweza kuua watu wa nje ya mkataba haiwezi kuwa bidhaa ya mkataba, na hata mnunuzi akisema kwa kinywa chake kwamba anaijua na ameikubali, muuzaji hajapata ruhusa, kwa kuwa aliyempa ruhusa hakuwa na mamlaka ya kuitoa.

Sheria za serikali hazifiki mbali hivyo. Sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya na Tanzania, ambazo zote mbili zina asili katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, humwekea sharti la ubora muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa za aina inayohusika, na humwondolea hata huyo sharti hilo katika kasoro ambazo ukaguzi uliofanywa na mnunuzi ulipaswa kuzifichua. Mtu binafsi anayeuza gari lake moja huwa nje kwa kiasi kikubwa. Nayo mahakama ya Kadhi nchini Kenya, kwa mujibu wa ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaokubali mamlaka yake, na haina mamlaka juu ya biashara. Matokeo yake ni kwamba hukumu zote zilizoelezwa juu ya hiari na tadlisi, ambazo zamani zilikuwa na hakimu wa kuzitekeleza, sasa hazina mtekelezaji isipokuwa muuzaji mwenyewe, mtu yule yule ambaye ziliwekwa ili kumzuia.

Kutokana na hali hiyo, namna ya kueleza kasoro ina uzito kuliko inavyofikiriwa, kwani maneno ya jumla kwamba gari lina matatizo madogo madogo ya miguu ya mbele hayamfahamishi mnunuzi chochote. Wafafanuzi wa Minhaj walisema kwamba muuzaji anayetaka kuepukana na dhamana ya kasoro maalumu inayoweza kuonekana, kama mbalanga katika ngozi, hatoshelezwi na kuitaja kwa jina, bali ni lazima amwoneshe mnunuzi mahali ilipo na kiasi chake. Kwa gari maana yake ni kuliinua kwa jeki, kumwita mnunuzi alale chini pamoja na fundi wake, kuisogeza bol jointi kwa mtaimbo mbele ya macho yao hadi waone inavyocheza, kisha kupatana ni nani atakayelipia mpya, na kuifunga mpya hiyo kabla gari halijatoka getini.