Udongo Mkononi mwa Muumba



Liko neno linalowasumbua baadhi yenu, hasa vijana waliosoma. Wamesikia kwamba wenye elimu husema uhai huenda ulianzia katika udongo, nao wanaulizana kwa siri: Mungu basi yu wapi? Wengine wameanza kukosa mafundisho. Swali la namna hii lisifichwe.

Kwanza tujue wanachosema. Miili ya viumbe vyote imejengwa kwa chembe ndogo mno, zilizoungana kama shanga katika uzi. Wenye elimu wadhani kwamba kabla ya kuwapo jani wala samaki, chembe hizo zilikuwa zimetawanyika majini. Lakini ukimwaga konzi moja ya unga katika ziwa Tanganyika, je, utapata ugali? Katika maji mengi chembe hazikutani, tena maji yenyewe huikata mikufu yao. Kwa hiyo John Desmond Bernal, aliyefundisha London, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1951 kwamba yamkini udongo ndio uliozikusanya.

Udongo wa mfinyanzi umepangwa kwa tabaka nyembamba, moja juu ya nyingine, kama kurasa za kitabu. Kurasa hizo zina nguvu kidogo ya umeme, nazo huzivuta chembe zipitazo na kuzishika usoni pao. Udongo mmoja, montimoriloniti, uliopewa jina la mji wa Montmorillon huko Ufaransa, una kurasa nyingi hata gramu moja tu ikikunjuliwa yote hufunika zaidi ya mita za mraba 500. Ni kama soko: watu waliotawanyika porini hukutana hapo, wakaanza kushughulikiana.

Mwaka 1996, huko Marekani, James Ferris na wenzake walitia juu ya udongo huo chembe zilizotayarishwa, wakiziongeza mara kwa mara. Ikatokea mikufu ya RNA, yaani ile asidi ichukuayo maagizo ndani ya mwili, yenye vipingili 50 na zaidi. Pasipo udongo mikufu hubaki mifupi. Mwaka 2003, Hanczyc, Fujikawa na Szostak wakaonyesha kwamba udongo ule ule huharakisha mafuta fulani kujifunga kuwa vifuko vidogo, na chembe za udongo zikaingia ndani zikiwa zimebeba RNA.

Je, ni uhai huo? Bado. Hakuna mtu aliyeona udongo ukizaa kiumbe hai.

Hapa waamini wengine hufurahi upesi mno. Husema: tazameni, Kitabu cha Mwanzo kilitaja udongo, na sasa wenye elimu wamekubali! Mimi sipendi jibu hilo. Maandiko hayakutolewa yatufundishe habari za madini. Yatufundisha tu wa nani. Wengine nao husema: hawataweza kamwe kuvumbua jambo hilo, basi Mungu yupo. Jibu hilo ni baya zaidi, kwani wakivumbua kesho, imani ya mtu huyo itaanguka pamoja na hoja yake.

Fikirini chungu. Ukiujua udongo uliotumika, na moto, na muda wa kukauka, je, umemfuta mfinyanzi? Aliyeupa udongo nguvu ya kushika ndiye yule yule aliyeziita nyota. Mwaka 1950 Baba Mtakatifu Pio XII aliandika katika barua yake kwamba wenye elimu wana ruhusa ya kuchunguza asili ya mwili wa mtu, ikiwa ulitokana na kitu kilichokuwa hai kabla yake. Lakini roho huumbwa na Mungu mwenyewe, bila kupitia kitu kingine. Eklezya hailiogopi darubini.

Kwa hiyo kijana aliyeacha kuja, mwiteni bila kumcheka, aje na swali lake. Siku ya mafundisho yajayo kila mmoja alete bonge la udongo kutoka mtoni. Tutaisoma sura ya 2 ya Mwanzo tukiwa nalo mkononi.